Zao Kubwa Kabisa la Mmenyuko: Hesabu ya Kujua Kipi Kitakwisha Kwanza

Miaka kadhaa iliyopita nilialikwa na klabu ya sayansi ya shule moja ya sekondari kutazama sabuni ambayo wanafunzi walikuwa wameitengeneza kwa mafuta ya nazi. Kazi yenyewe ilikuwa ya kupendeza. Vipande vilikuwa vimekatwa sawasawa na kupangwa mezani, na kila kimoja kilipigwa chapa ya shule. Lakini mwanafunzi aliyejitolea kunawa mbele yetu, ili tuone povu, hakumaliza hata dakika moja kabla viganja vyake havijaanza kuwasha na kuwa vyekundu. Tulimwosha upesi kwa maji mengi, naye hakudhurika zaidi ya hapo. Nilipouliza vipimo, niliambiwa kwamba kwa kila kilogramu moja ya mafuta walitia gramu 250 za kostiki soda. Kwa nini 250? Kiongozi wa klabu alijibu bila kusita: "Ni robo kilo, Mwalimu, ni rahisi kukumbuka. Tena tuliona kostiki ikizidi, na sabuni itazidi."

Jibu hilo ndilo lililonifanya niandike makala haya. Wanafunzi wale walijua kuandika mlinganyo wa kemia na kuusawazisha. Kile ambacho hawakukijua ni kuutumia mlinganyo huo kujibu swali ambalo kila mtengenezaji hana budi kujiuliza kabla ya kuwasha moto: kwa vitu hivi nilivyo navyo, nitapata zao kiasi gani kwa wingi wake wote, wala si zaidi? Swali hili huulizwa katika mitihani karibu kila mwaka, na aghalabu hujibiwa kwa kukariri kanuni. Nia yangu ni kuonyesha kwamba halihitaji kukariri. Linahitaji kuhesabu tu, na kuhesabu kwenyewe ni kule kule tunakokufanya nyumbani.

Chungu na mafiga

Wahenga walisema figa moja haliinjiki chungu. Jiko letu la asili linahitaji chungu kimoja na mafiga matatu. Tunaweza kuliandika jambo hilo kama mlinganyo:

chungu 1 + mafiga 3 → jiko 1

Tuseme mama mmoja anajiandaa kwa karamu, naye ana vyungu 7 na mafiga 18. Ataweza kuinjika vyungu vingapi kwa wakati mmoja? Vyungu 7 vingetosha meko 7. Mafiga 18, yakigawanywa kwa matatu matatu, yanatosha meko 6. Jibu ni 6, na chungu kimoja kitabaki bila kazi. Hata akiazima vyungu vingine kumi kwa majirani, meko yatabaki 6 yale yale, maana kilichokwisha ni mafiga.

Msomaji atazame mambo mawili katika mfano huu. Jambo la kwanza: mafiga ni mengi kuliko vyungu, 18 dhidi ya 7, na hata hivyo ndiyo yaliyokwisha kwanza. Wingi peke yake hauamui. Kinachoamua ni wingi uliogawanywa kwa mahitaji. Jambo la pili: ikiwa kila figa lina kilogramu 5 na kila chungu kilogramu 2, basi mama yule ana kilogramu 90 za mafiga na kilogramu 14 tu za vyungu. Mtu anayeangalia mizani peke yake angesema kwamba mafiga yamejaa tele, na angekuwa amekosea.

Katika kemia, kila kitu kinachoingia katika mmenyuko tutakiita kitendanishi, na kila kitu kinachotokana na mmenyuko huo tutakiita zao. Kitendanishi kinachokwisha kwanza, na kwa kukwisha kwake kikausimamisha mmenyuko, tutakiita kitendanishi-kikomo. Kile kinachobaki tutasema kimezidi. Kiasi cha zao ambacho kingepatikana endapo kitendanishi-kikomo kingetumika chote bila kupotea hata chembe ndicho tunachokiita zao kubwa kabisa.

Kuhesabu kwa mizani

Mafiga huhesabika kwa macho. Atomu na molekuli hazihesabiki hivyo, na hapa ndipo wanafunzi wengi wanapopotea. Mlinganyo wa kemia huzungumza kwa hesabu ya chembe, ilhali mizani ya maabara huzungumza kwa gramu. Tunahitaji mkalimani baina ya lugha hizo mbili, na mkalimani huyo ni moli.

Moli moja ni mkusanyo wa chembe zenye idadi maalumu, kama vile korija ilivyo mkusanyo wa vitu ishirini. Tangu mwaka 2019 idadi hiyo imewekwa kimataifa kuwa 6.02214076 × 10²³ kamili. Mwanafunzi hana haja ya kuitumia namba hiyo katika hesabu zetu za leo. La muhimu ni kwamba moli moja ya kitu chochote ina tungamo linalojulikana kutokana na tungamo la atomi zake. Kwa atomi tutakazozihitaji, tungamo la moli moja kwa gramu, likikadiriwa kwa namba nzima, ni hili: haidrojeni 1, kaboni 12, naitrojeni 14, oksijeni 16, sodiamu 23, kalsiamu 40.

Basi moli moja ya kalsiamu kabonati, CaCO₃, ina gramu 40 + 12 + 48, yaani gramu 100. Moli elfu moja, yaani kilomoli moja, ina kilogramu 100. Mwenye kupima kwa gramu atumie moli, na mwenye kupima kwa kilogramu atumie kilomoli, hesabu haibadiliki.

Elimu hii ya vipimo haikuzuka kwa siku moja. Mfaransa Antoine Lavoisier, katika kitabu chake cha mwaka 1789, alisisitiza kwamba tungamo la vitu vyote kabla ya mmenyuko ni sawa na tungamo la vitu vyote baada yake. Mjerumani Jeremias Benjamin Richter ndiye aliyeipa elimu hii jina la stoikiometria mwaka 1792, na Mwingereza John Dalton akaieleza kwa nadharia yake ya atomi katika kitabu cha mwaka 1808. Kanuni ya Lavoisier tutaitumia leo kama hakimu: kila tukimaliza hesabu, tutajumlisha vilivyoingia na vilivyotoka, na vikitofautiana tutajua kwamba tumekosea mahali.

Tanuri ya chokaa

Tuanze na mmenyuko wenye kitendanishi kimoja tu. Watu wa pwani yetu wamechoma matumbawe kupata chokaa kwa karne nyingi. Misikiti na majumba ya Kilwa, Gedi na Lamu yalijengwa kwayo. Matumbawe kwa sehemu kubwa ni kalsiamu kabonati. Yakipata joto la kiasi cha nyuzi 900 za Selsiasi huvunjika hivi:

CaCO₃ → CaO + CO₂

Moli moja ya kabonati, gramu 100, hutoa moli moja ya chokaa hai, gramu 56, na moli moja ya kabonidayoksaidi, gramu 44. Basi kilogramu 100 za kabonati safi haziwezi kutoa zaidi ya kilogramu 56 za chokaa hai. Mchomaji anayesikitika kwamba karibu nusu ya mzigo wake "umeliwa na moto" hajaibiwa. Kilogramu 44 zimepanda angani kama gesi.

Sasa tuchukue hali iliyo karibu zaidi na kazi halisi. Mchomaji ana kilogramu 1,000 za matumbawe makavu, na uchunguzi umeonyesha kwamba asilimia 90 ni kabonati, na asilimia 10 ni mchanga na uchafu mwingine ambao tutauchukulia kuwa haupungui kwa moto. Kabonati ni kilogramu 900. Zao kubwa kabisa la chokaa hai ni:

900 × 56 ÷ 100 = kilogramu 504

Baada ya kuchoma, anapima kilichobaki tanurini, anapata kilogramu 650. Je, amepata zaidi ya zao kubwa kabisa? La. Katika hizo 650 mna uchafu kilogramu 100, na huenda mna mawe ambayo hayakuiva. Njia ya kujua ni kutazama kilichopotea. Kilogramu 1,000 zimekuwa 650, kwa hiyo gesi iliyotoka ni kilogramu 350. Endapo kabonati yote ingevunjika, gesi ingekuwa 900 × 44 ÷ 100, yaani kilogramu 396. Sehemu iliyoiva ni 350 ÷ 396, karibu asilimia 88. Asilimia 12 ya kabonati ingali mawe. Kuni zilitumika kuipasha moto, lakini chokaa haikupatikana. Kwa mizani tu, bila kifaa kingine chochote, mchomaji amejua kwamba tanuri yake haipati joto la kutosha, au kwamba mawe yake ni makubwa mno.

Magadi na chokaa

Sasa tuingie katika mmenyuko wenye vitendanishi viwili. Magadi, yale yale yatiwayo katika maharage ili yaive upesi, yanapatikana kwa wingi katika Bonde la Ufa: Ziwa Magadi nchini Kenya limepata jina lake kutokana nayo, na Ziwa Natron nchini Tanzania lina chumvi za jamii hiyo hiyo. Magadi yakishachomwa hutoa sodiamu kabonati. Chokaa hai, kwa upande wake, ikinyweshwa maji huwa kalsiamu haidroksaidi. Viwili hivi vikichanganywa katika maji ya moto hutoa sodiamu haidroksaidi, ambayo ndiyo kostiki soda ya watengeneza sabuni:

Na₂CO₃ + Ca(OH)₂ → 2NaOH + CaCO₃

Tungamo la moli ni hili: Na₂CO₃ gramu 106, Ca(OH)₂ gramu 74, NaOH gramu 40, CaCO₃ gramu 100. Hakimu wetu anasema: 106 + 74 = 180, na 2 × 40 + 100 = 180. Mlinganyo umekaa sawa.

Tuseme tuna kilogramu 100 za sodiamu kabonati safi na kilogramu 74 za kalsiamu haidroksaidi safi. Tutapata kostiki soda kiasi gani kwa wingi wake wote? Tufuate hatua nne, ambazo ndizo zitakazotuongoza katika kila swali la namna hii.

Hatua ya kwanza ni kugeuza kila tungamo kuwa moli. Sodiamu kabonati: 100 ÷ 106 = kilomoli 0.943. Kalsiamu haidroksaidi: 74 ÷ 74 = kilomoli 1.000.

Hatua ya pili ni kugawanya kila idadi kwa namba iliyo mbele ya kitendanishi hicho katika mlinganyo. Hapa namba zote ni 1, kwa hiyo tunabaki na 0.943 na 1.000. Iliyo ndogo ndiyo ya kitendanishi-kikomo. Basi kitendanishi-kikomo ni sodiamu kabonati, ingawa katika mizani ndiyo iliyokuwa nzito zaidi. Haya ndiyo mafiga yetu.

Hatua ya tatu ni kuhesabu zao kutokana na kitendanishi-kikomo peke yake. Kila kilomoli moja ya sodiamu kabonati hutoa kilomoli mbili za kostiki: 0.943 × 2 × 40 = kilogramu 75.5. Hili ndilo zao kubwa kabisa.

Hatua ya nne ni kumwita hakimu. Chokaa iliyotumika ni 0.943 × 74 = kilogramu 69.8, na iliyobaki ni kilogramu 4.2. Kalsiamu kabonati iliyotokea ni kilogramu 94.3. Tujumlishe vilivyomo mwishoni: 75.5 + 94.3 + 4.2 = 174. Vilivyoingia ni 100 + 74 = 174. Hesabu imekubali.

Msomaji anaweza kuuliza: kwa nini chokaa izidi, badala ya kupimwa sawasawa na mahitaji? Katika kazi hii ziada hiyo huwekwa makusudi. Chokaa huyeyuka kidogo sana katika maji. Iliyozidi hutuama chini pamoja na kalsiamu kabonati, na huchujwa. Sodiamu kabonati ikizidi hubaki imeyeyuka pamoja na kostiki na kuichafua. Tena chokaa kwa kawaida ni rahisi kuipata. Basi kuchagua kipi kiwe kikomo ni uamuzi wa mtengenezaji, naye huamua kwa kufikiria bei, usafi wa zao na usalama. Hesabu humpa nguvu ya kuchagua. Asiyehesabu huchaguliwa na bahati.

Ni vema nitaje kwamba siku hizi kostiki soda nyingi duniani hutengenezwa kwa kupitisha umeme katika maji ya chumvi. Hata hivyo njia ya chokaa haijafa: viwanda vya karatasi vinavyopika mbao kwa njia ya krafti huitumia kila siku kuirudishia nguvu dawa yao ya kupikia, na kalsiamu kabonati inayotokea huchomwa tena kuwa chokaa.

Sabuni ya wanafunzi

Turudi sasa katika sabuni yetu. Mafuta ya nazi ni mchanganyiko wa mafuta ya aina kadhaa, lakini karibu nusu ya asidi zake ni asidi ya lauriki. Kwa ajili ya kujifunza, tuchukue mafuta yaliyojengwa kwa asidi hiyo peke yake, nayo tuyaite laurini:

C₃H₅(OOCC₁₁H₂₃)₃ + 3NaOH → C₃H₅(OH)₃ + 3C₁₁H₂₃COONa

Laurini ina gramu 638 kwa moli, gliserini gramu 92, na sabuni gramu 222. Vilivyoingia ni 638 + 3 × 40 = 758; vilivyotoka ni 92 + 3 × 222 = 758. Msomaji ataona kwamba hapa tumerudi kabisa katika chungu na mafiga: molekuli moja ya mafuta huhitaji tatu za kostiki.

Tuseme tuna kilogramu 6.38 za laurini na kilogramu 1.00 ya kostiki. Laurini ni moli 10; kostiki ni moli 25. Mwanafunzi mwenye haraka ataona kwamba 10 ni ndogo kuliko 25, atasema laurini ndiyo kikomo, na ataandika kwamba sabuni ni 10 × 3 × 222, yaani kilogramu 6.66. Ameruka hatua ya pili. Tukigawanya, laurini ni 10 ÷ 1 = 10, na kostiki ni 25 ÷ 3 = 8.33. Kostiki ndiyo kikomo. Sabuni kwa wingi wake wote ni 25 × 222, yaani kilogramu 5.55. Gliserini ni kilogramu 0.77, na laurini iliyobaki bila kuguswa ni moli 1.67, karibu kilogramu 1.06. Jumla ni 7.38, sawa na vilivyoingia.

Sasa tuwapime wale wanafunzi wa klabu. Kilogramu moja ya mafuta halisi ya nazi kwa kawaida huhitaji baina ya gramu 177 na 189 za kostiki ili yote yageuke sabuni. Wao walitia 250. Hata tukichukua kiwango cha juu, gramu zisizopungua 61 hazikuwa na mafuta ya kukutana nayo. Hazikuongeza sabuni hata gramu moja, kwa sababu mafuta yalikuwa yamekwisha. Zilibaki ndani ya kipande, zikisubiri ngozi ya mtu. Kwa mmenyuko, ngozi na mafuta ya mwilini havina tofauti kubwa na mafuta ya nazi: vyote huliwa na kostiki. Basi "kostiki ikizidi na sabuni itazidi" ni kauli ya kweli mpaka kikomo kinapobadilika, na kuanzia hapo ni kauli ya hatari.

Kwa sababu hiyo watengeneza sabuni wenye uzoefu huhakikisha kwamba kostiki ndiyo kikomo. Hupima kiasi kinachohitajika, kisha hupunguza takriban sehemu 5 katika mia. Mafuta machache yanayobaki huifanya sabuni iwe laini kwa ngozi. Klabu ile, ikitumia gramu 183 kama kiwango cha kati, ingetia 183 × 0.95, yaani kama gramu 174.

Walimu watakaojaribu kazi hii wawakumbushe wanafunzi kuvaa miwani na glavu, kutia kostiki katika maji kidogo kidogo wala si maji katika kostiki, na kutotumia sufuria za alumini, kwa kuwa kostiki huila alumini na kutoa gesi ya haidrojeni inayoweza kuwaka.

Zao halisi

Zao kubwa kabisa ni dari. Kazi halisi hukaa chini yake. Mimenyuko mingine haifiki mwisho: ule wa magadi na chokaa husimama mapema zaidi kadiri maji yanavyokuwa machache. Zao jingine hubaki kwenye karatasi ya kuchujia, jingine humwagika, jingine hupotea wakati wa kukausha. Kipimo cha ufanisi ni zao halisi ligawanywe kwa zao kubwa kabisa, kisha lizidishwe kwa mia. Ikiwa katika mfano wetu wa kostiki tumepata kilogramu 68, ufanisi ni 68 ÷ 75.5 × 100, yaani asilimia 90.

Ufanisi ukizidi asilimia 100, kuna kosa. Najua hivyo kwa kuumbuka. Nilipokuwa nikisomea shahada ya uzamivu ng'ambo, nilimpelekea msimamizi wangu, kwa furaha, taarifa ya zao la asilimia 112. Aliitazama kwa utulivu, akaniuliza hizo atomi za ziada nimezitoa wapi. Nilirudi maabara, nikautia unga wangu tena katika joto la kukaushia hadi kesho yake. Maji yalipokwisha kutoka, asilimia 112 ilikuwa 87. Tangu siku ile sijawahi kufurahia namba kabla ya kuipeleka kwa hakimu.

Makosa matatu ya kuepuka

Katika kusahihisha kazi za wanafunzi wa mwaka wa kwanza nimeona makosa matatu yakirudiwa. La kwanza ni kulinganisha gramu na gramu, na kudhani kwamba kitu chepesi ndicho kikomo. La pili ni kulinganisha moli bila kugawanya kwa namba za mlinganyo. La tatu ni kuhesabu zao kutokana na kila kitendanishi, kisha kujumlisha majibu. Zao halijumlishwi, anayehesabu mara mbili achukue jibu lililo dogo, maana ndilo linaloruhusiwa na kitendanishi-kikomo. Chanzo cha makosa yote matatu ni kimoja: kusahau kwamba mlinganyo unahesabu chembe.

Kwa nini tujali

Mwanafunzi anaweza kufikiri kwamba hesabu hii mwisho wake ni karatasi ya mtihani. Sivyo. Mchomaji chokaa asiyejua zao lake kubwa kabisa hawezi kujua kuni ngapi amezipoteza, na kuni hizo ni mikoko na misitu yetu. Mtengeneza sabuni asiyejua kikomo chake ama hupoteza mafuta, ama huunguza wateja. Hata mkulima yumo katika hesabu hii: mwaka 1840 Mjerumani Justus von Liebig alieneza wazo kwamba mavuno hufungwa na kirutubisho kilichopungua zaidi kuliko mahitaji. Mwenye shamba lililopungukiwa fosforasi, akizidi kumwaga naitrojeni, anaazima vyungu huku mafiga yamekwisha.

Nawaomba walimu wenzangu wasiifundishe mada hii kwa namba tupu za ubaoni. Mpeni kila mwanafunzi kipande cha tumbawe au ganda la konokono wa baharini, mizani na mlinganyo. Akijikadiria mwenyewe kabla ya kupima, kisha akaona mizani ikimkubali au kumkataa, hatahitaji kukariri.

Mazoezi

1. Magadi ghafi safi, Na₃H(CO₃)₂·2H₂O, yakichomwa huvunjika hivi: 2Na₃H(CO₃)₂·2H₂O → 3Na₂CO₃ + CO₂ + 5H₂O. Kilogramu 1,000 zitatoa sodiamu kabonati kiasi gani kwa wingi wake wote?

2. Gramu 28 za naitrojeni zimechanganywa na gramu 5 za haidrojeni: N₂ + 3H₂ → 2NH₃. Taja kitendanishi-kikomo, zao kubwa kabisa la amonia, na kiasi cha kitendanishi kitakachobaki.

3. Gramu 319 za laurini zimepikwa na gramu 54 za kostiki soda. Je, sabuni hii itaunguza mikono? Itakuwa gramu ngapi kwa wingi wake wote?

Majibu

1. Moli mbili za magadi ghafi, gramu 452, hutoa gramu 318. Basi ni kilogramu 703.5.

2. Naitrojeni ni moli 1. Haidrojeni ni moli 2.5, ambayo ikigawanywa kwa 3 ni 0.833. Kikomo ni haidrojeni. Amonia ni gramu 28.3, na naitrojeni itakayobaki ni gramu 4.7. Jumla ni 33, kama zilivyoingia.

3. Laurini ni moli 0.5; kostiki ni moli 1.35, ambayo ikigawanywa kwa 3 ni 0.45. Kostiki ndiyo kikomo, kwa hiyo mmenyuko ukifika mwisho haitabaki kostiki ya kuunguza. Sabuni ni gramu 299.7, na laurini itakayobaki ni gramu 31.9.